Maambukizi makali ya mirija ya nyongo: mwongozo kamili kwa hospitali ya wilaya, tangu mgonjwa anapofika hadi stenti inapotolewa

Mgonjwa wa maambukizi ya mirija ya nyongo mara nyingi hufika hospitali ya wilaya akiwa tayari amepewa jina la ugonjwa mwingine. Ameshatibiwa malaria kwa dawa za dukani, au ameambiwa ana "nyongo" kwa sababu anatapika maji machungu ya kijani, au familia imeshakubaliana kwamba tatizo ni ini na imeanza kumtafutia mizizi ya kuchemsha. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya tabibu, daktari na muuguzi anayempokea mgonjwa huyo Kondoa, Mpwapwa, Kongwa, Bahi, Chemba au Manyoni, mahali penye ultrasaundi, maabara na chumba cha upasuaji, lakini pasipo na mtu wa kufungua mrija wa nyongo kwa endoskopi, yaani mpira mwembamba wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Dozi zilizotajwa ni za mtu mzima mwenye figo zinazofanya kazi. Pale Mwongozo wa Taifa wa Matibabu au majibu ya kuotesha vijidudu ya hospitali yako yanaposema tofauti, fuata hayo.

Kwa nini antibiotiki peke yake haitoshi

Nyongo hutengenezwa kwenye ini na kushuka hadi utumbo mwembamba kupitia mrija mkuu, ambao kwa kawaida upana wake hauzidi milimita 6 au 7. Mrija ukiwa wazi, bakteria wachache wanaoingia husombwa na mtiririko. Ukiziba, mara nyingi kwa kijiwe, lakini pia kwa uvimbe wa kichwa cha kongosho, kovu, au mnyoo wa askarisi aliyepanda kutoka utumboni, nyongo hutuama na bakteria huzaliana humo kama viluwiluwi kwenye lambo. Presha ya kawaida ndani ya mrija ni kati ya sentimita 7 na 14 za maji. Inapopita 20, nyongo yenye bakteria husukumwa kurudi kwenye damu, na hapo ndipo mgonjwa anapotetemeka mpaka kitanda kinalia. Presha hiyo hiyo hulizuia ini kupitisha antibiotiki kwenye nyongo, kwa hiyo dawa husafisha damu lakini haifiki vya kutosha pale uchafu unapotoka.

Nilijifunza hili kwa mama mmoja wa makamo aliyeletwa usiku wa Februari, korongo likiwa limejaa maji na gari limechelewa kuvuka. Vipimo viwili vya haraka vya malaria vilikuwa hasi, lakini alikuwa ameshachomwa artesuneti siku mbili. "Mwanangu," aliniambia huku meno yakigongana, "baridi hii haitoki nje, inatoka mifupani." Nilimwanzishia seftriaksoni, asubuhi homa ikashuka, nikaridhika, nikaandika kwenye faili kwamba aendelee na dawa. Jioni ya siku ya tatu presha ilianguka. Homa ilikuwa imenidanganya, maana mrija ulikuwa bado umeziba vilevile. Alifika Dodoma mjini akiwa hai, lakini figo zake zilichukua wiki kadhaa kurudi katika hali yake. Tangu siku hiyo naihesabu dozi ya kwanza ya antibiotiki kuwa ni mwanzo wa saa ya rufaa, na hatua zote zinazofuata zimepangwa kwa kuzingatia hilo.

Hatua ya kwanza: kuushuku ugonjwa

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot alieleza mwaka 1877 dalili tatu zinazokwenda pamoja: homa yenye kutetemeka, maumivu ya juu kulia mwa tumbo, na macho kuwa ya manjano. Mwaka 1959 Reynolds na Dargan wakaongeza mbili zinazoashiria hatari, yaani presha kushuka na akili kuchanganyikiwa. Dalili hizi zikionekana zote, shaka inabaki ndogo, lakini wagonjwa wengi hawaji nazo zote. Mzee wa miaka 80 anaweza kuletwa kwa sababu tu "anaongea vitu visivyoeleweka tangu jana," bila homa na bila kulalamikia tumbo. Umanjano nao hufichwa na mwanga hafifu wa wodi usiku, hivyo mpeleke karibu na taa nyeupe, vuta kope ya chini, kisha uliza rangi ya mkojo na ya choo. Mkojo kama chai ya rangi na choo kilichopauka kama udongo wa mfinyanzi vinakwambia kwamba nyongo haishuki.

Katika kanda hii yapo magonjwa manne ambayo lazima yaulizwe kabla ya kuendelea. La kwanza ni malaria, na hapa kanuni ni moja: pima, na kama kipimo ni hasi, usitibu malaria. Hata kikiwa chanya, mgonjwa anaweza kuwa na yote mawili, kwa kuwa malaria haipanui mrija wa nyongo. La pili ni selimundu, ambapo bilirubini, yaani rangi ya manjano iliyo kwenye damu, huwa juu siku zote kwa sababu chembe nyekundu zinavunjika, lakini ni wagonjwa hao hao wanaotengeneza vijiwe vyeusi vya nyongo wakiwa bado wadogo. Kijana wa selimundu ambaye umanjano wake umezidi ghafla na ana homa asiandikiwe tu "krisisi", yaani maumivu ya kawaida ya selimundu. La tatu ni jipu la ini, ambalo ultrasaundi hulionyesha. La nne ni sumukuvu. Mwaka 2016 mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumu hiyo kutokana na mahindi yaliyoota ukungu, na wagonjwa walikuja na macho ya manjano, kutapika na maumivu ya tumbo. Uliza kama wengine waliokula chungu kimoja naye wanaumwa, kwa sababu kijiwe hakiumizi familia nzima. Hepataitisi B pia ipo, lakini mara chache huleta kutetemeka kwa namna hii.

Hatua ya pili: saa ya kwanza

Hapa usisubiri maabara. Pima presha, mapigo, upumuaji, oksijeni, joto, fahamu na sukari, kwa sababu ini lililoshambuliwa linaweza kuiangusha sukari na ukadhani mgonjwa amechanganyikiwa kwa sepsisi (maambukizi yanayovuruga mwili mzima) peke yake. Weka kanula mbili kubwa. Kwa sindano hiyo hiyo ya kanula chukua damu ya vipimo vyote, na kama chupa za kuotesha damu zipo, zijaze kabla ya antibiotiki. Kama hazipo, usimtume ndugu kwenda kuzitafuta mjini huku dawa ikisubiri kwenye kabati. Oksijeni ikiwa chini ya asilimia 94, mpe. Mgonjwa asile kwa sasa, na katheta ya mkojo iwekwe kwa yeyote mwenye presha ya chini au fahamu zilizopungua.

Antibiotiki iingie ndani ya saa moja kwa mwenye dalili za mshtuko, yaani presha iliyoanguka na damu isiyofika vya kutosha kwenye viungo, na kwa wengine ndani ya saa chache za mwanzo. Vijidudu vinavyotarajiwa ni vya utumboni: E. coli, Klebsiella, enterokoki, na wakati mwingine bakteria wasiohitaji oksijeni, hasa kwa mtu aliyewahi kuunganishiwa mrija wa nyongo na utumbo kwa upasuaji. Kwa mgonjwa ambaye hali yake si mbaya sana, na hajalazwa wala kutumia antibiotiki karibuni, seftriaksoni gramu 2 mshipani mara moja kwa siku pamoja na metronidazoli miligramu 500 kila baada ya saa 8 ni mwanzo unaofaa. Kwa mwenye mshtuko, au aliyeambukizwa akiwa hospitalini, au aliyeshachomwa seftriaksoni siku kadhaa kwingine bila nafuu, tumia piperasilini-tazobaktamu gramu 4.5 kila baada ya saa 6, au meropenemu gramu 1 kila baada ya saa 8. Ukinzani wa vijidudu dhidi ya seftriaksoni si jambo la kusoma vitabuni tu, na dawa hii tumeitumia kwa kila homa mpaka imechoka. Jentamaisini inaweza kuongezwa kwa dozi moja ya miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito pale ambapo hakuna dawa nzito zaidi, lakini usiirudie kabla ya kuona kreatinini, kipimo cha damu cha utendaji wa figo, kwa kuwa figo za mtu mwenye umanjano huharibika upesi.

Jambo dogo linalosahaulika: dripu ya ringa ina kalisi, na seftriaksoni haipendani nayo. Safisha mrija wa dripu kwa salini kabla na baada ya kuchoma, au tumia kanula ya pili.

Kuhusu maji, nenda kwa tahadhari. Mwenye presha ya chini apewe mililita 500 za ringa au salini kwa nusu saa, kisha rudi kitandani, hesabu upumuaji, sikiliza mapafu, angalia presha, ndipo uamue kuhusu chupa inayofuata. Miongozo ya kimataifa inataja mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 3 za mwanzo, yaani karibu lita 1.8 kwa mtu wa kilo 60, lakini kiwango hicho kisifuatwe kwa macho yaliyofumbwa. Utafiti uliofanyika Lusaka na kuchapishwa mwaka 2017 uliwachukua watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini, wengi wao wakiwa na VVU, ukawapa baadhi yao maji mengi ya mapema kwa mpango maalumu. Waliofariki hospitalini katika kundi hilo walikuwa 48 katika kila 100, wakati kundi la huduma ya kawaida walikuwa 33. Mahali pasipo na mashine ya kupumulia, mapafu yaliyojaa maji hayana mkombozi. Presha ikigoma baada ya maji ya kutosha, anza noradrenalini, au adrenalini kama hiyo ndiyo iliyopo, ukilenga wastani wa presha wa 65 na mkojo usiopungua nusu mililita kwa kilo kwa saa. Noradrenalini inaweza kuanza kwenye mshipa mzuri wa mkono, ilimradi muuguzi aukague mara kwa mara.

Kwa maumivu mpe parasetamo kwa kipimo cha chini au tramadoli, na mofini ikibidi. Diklofenaki, ambayo huchomwa karibu kila mgonjwa anapolalamika, iepukwe hapa kwa sababu ya figo na damu. Mwisho wa saa hii, mchome vitamini K miligramu 10 taratibu mshipani. Nyongo isiposhuka utumboni, vitamini hiyo hainyonywi kutoka kwenye chakula, damu inakuwa nyepesi, na hakuna daktari atakayetaka kukata kitu mgonjwa akiwa katika hali hiyo. Inahitaji saa nyingi kufanya kazi, ndiyo maana inatolewa sasa badala ya kesho.

Hatua ya tatu: kuthibitisha na kupima ukali

Miongozo ya Tokyo ya kutambua ugonjwa huu, katika toleo la mwaka 2018, inataka vitu vitatu: dalili za maambukizi mwilini (homa zaidi ya 38, chembe nyeupe zaidi ya 10,000 au chini ya 4,000, au CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, iliyopanda), dalili za nyongo kuzuiwa (bilirubini ya mikromoli 34 kwa lita au zaidi, au vimeng'enya vya ini vilivyopanda), na picha inayoonyesha mrija uliopanuka au kitu kinachoziba. Maambukizi pamoja na kimojawapo kati ya hivyo viwili vya mwisho yanatosha kushuku. Vyote vitatu vinathibitisha.

Ultrasaundi ni rafiki mzuri mwenye macho hafifu. Huona mirija iliyopanuka na vijiwe kwenye mfuko wa nyongo, lakini kijiwe kilichokwama chini kabisa ya mrija hufichwa na gesi ya utumbo. Katika saa za mwanzo mrija unaweza kuwa haujapanuka bado, kwa hiyo jibu la "kawaida" lisikufanye ufunge faili. Rudia baada ya siku moja. Kwa mtoto au kijana, angalia mnyoo, ambaye huonekana kama mistari miwili sambamba inayojisogeza ndani ya mrija. Kwa mgonjwa wa VVU mwenye CD4 (chembe za kinga) chini ya 100, mirija inaweza kuziba kwa makovu ya maambukizi nyemelezi bila kijiwe chochote.

Ukali una madaraja matatu. Mgonjwa yuko daraja la tatu, lile baya zaidi, kama kiungo chochote kimeshindwa: presha inayohitaji dawa ya kuipandisha, fahamu zilizobadilika, mapafu yaliyoshindwa, mkojo uliokauka au kreatinini zaidi ya mikromoli 177, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) zaidi ya 1.5, au chembe sahani chini ya 100,000. Daraja la pili ni mwenye mawili kati ya haya: chembe nyeupe zaidi ya 12,000 au chini ya 4,000, joto la 39 au zaidi, umri wa miaka 75 au zaidi, bilirubini ya 85 au zaidi, na albumini iliyoshuka sana. Wanaobaki wako daraja la kwanza. Zingatia kwamba mengi ya daraja la tatu yanaonekana kwa macho, mashine ya presha na mfuko wa mkojo. Huhitaji kusubiri maabara ifunguliwe asubuhi.

Hatua ya nne: simu ya rufaa

Simu hii ipigwe mapema, hata kabla majibu yote hayajarudi. Kwa daraja la tatu mrija unapaswa kufunguliwa haraka iwezekanavyo, na kwa mwenye mshtuko lengo ni ndani ya saa 12. Kwa daraja la pili lengo ni siku 2 hadi 3. Daraja la kwanza anaweza kuangaliwa kwa saa 24 akiwa kwenye antibiotiki, na asipopata nafuu naye apelekwe. Akipata nafuu, bado ana kijiwe na bado anahitaji miadi.

Mlango wa kwanza kwa kanda hii ni Hospitali ya Benjamin Mkapa, na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Dodoma ambayo wenyeji bado wanaiita General. Uliza swali lililo wazi: je, leo yupo mtu na vifaa vya kufungua mrija wa nyongo, kwa endoskopi, kwa sindano kupitia ngozi, au kwa upasuaji? Kama jibu kwa endoskopi ni hapana, Muhimbili iko zaidi ya kilomita 400, na mgonjwa mwenye mshtuko asisafirishwe umbali huo ili tu apate njia bora huku njia ya kawaida ingeweza kufanyika Dodoma. Kutoka Kondoa hadi Dodoma ni kama kilomita 160 za lami. Muda mwingine huliwa na kutafuta dereva, mafuta na kibali, ndiyo maana nasema simu ya gari ipigwe pamoja na simu ya daktari.

Kikao cha familia nacho kina muda wake. Nimewahi kuambiwa na shemeji wa mgonjwa, kwa heshima zote, "Daktari, tunaomba tumsubiri kaka mkubwa, yuko mnadani anauza ng'ombe wa matibabu." Usibishane wala usimkaripie. Mwombe ampigie kaka simu hapo hapo, uongee naye mwenyewe, umsalimie, umweleze kwamba mrija umeziba kama bomba na dawa hazitauzibua, kwamba gari linaondoka sasa, na kwamba yeye na fedha wanaweza kufuata nyuma. Nimeona mara nyingi kwamba maneno hayo yakitoka kwa daktari, kaka hukubali.

Mgonjwa aondoke na muuguzi, oksijeni, kanula mbili zinazofanya kazi, dozi inayofuata ya antibiotiki ikiwa mkononi, na barua yenye saa zilizoandikwa: dalili zilianza lini, dawa ya kwanza ilichomwa saa ngapi, presha ya chini kabisa ilikuwa ngapi, vitamini K ilitolewa lini, mkojo ni kiasi gani. Taja pia kama anatumia dawa za kulainisha damu.

Hatua ya tano: kufungua mrija

Njia ya kwanza ni ERCP: endoskopi hupitishwa mdomoni hadi mwanzo wa utumbo mwembamba, mtaalamu huingiza waya kwenye tundu la mrija, hukata kidogo msuli unaolibana, kisha huondoa kijiwe au huacha stenti, yaani kimrija kidogo kinachoiacha njia ya nyongo wazi. Kwa mgonjwa mahututi, stenti peke yake inatosha siku hiyo, na kijiwe kitasubiri. Utafiti wa Hong Kong wa mwaka 1992 uliwagawa wagonjwa 82 wenye hali mbaya kati ya endoskopi na upasuaji wa wazi; waliofariki walikuwa asilimia 10 upande wa endoskopi na asilimia 32 upande wa upasuaji. Hatari yake kubwa ni kongosho kuvimba, ambayo hupunguzwa kwa diklofenaki miligramu 100 ya njia ya haja kubwa, ilimradi figo ziruhusu. Njia ya pili ni kupitisha sindano kwenye ngozi na ini hadi kwenye mrija uliopanuka, chini ya ultrasaundi, na kuacha mpira wa kutolea nyongo.

Upasuaji unabaki pale ambapo njia hizo hazifikiki na mgonjwa anadidimia. Ukifanyika, uwe mfupi: fungua mrija, toa usaha na kijiwe kinachoshikika, weka mpira wa umbo la T, funga tumbo, toka. Kumng'ang'ania mgonjwa mezani ili kutafuta kila kijiwe na kuutoa mfuko wa nyongo katika usiku ule ule ni ushujaa asiouhitaji. Kutoboa mfuko wa nyongo na kuweka mpira kunaweza kusaidia pia, lakini ikiwa tu kizuizi kiko chini ya pale mfuko unapoungana na mrija mkuu.

Hatua ya sita: mgonjwa anaporudi wilayani

Baada ya mrija kufunguliwa, antibiotiki huendelea kwa siku 4 hadi 7 tu, isipokuwa damu imeotesha enterokoki au streptokoki, ambapo hufika angalau wiki 2. Akila vizuri na homa ikikoma, unaweza kumhamishia kwenye vidonge kwa kufuata majibu ya kuotesha. Anayerudi na mpira wa T apimiwe nyongo inayotoka kila siku, arudishiwe maji na chumvi anazopoteza, na mtu yeyote asiusukumie maji kwa nguvu, kwa maana hiyo ni kurudisha bakteria kwenye damu kwa mkono wetu wenyewe. Hautolewi kabla ya eksirei iliyopigwa kwa dawa ya kuonyesha mrija kuthibitisha kwamba njia iko wazi, na kwa kawaida ni baada ya wiki 2 hadi 3. Aliyekuwa na mnyoo apewe albendazoli homa ikishatulia. Mwenye vijiwe kwenye mfuko wa nyongo apangiwe kuutoa, ikiwezekana ndani ya wiki 2, la sivyo atarudi.

Stenti ya plastiki ndiyo hunikosesha usingizi. Mgonjwa anapona, macho yanakuwa meupe, anarudi shambani kupalilia uwele, na baada ya miezi kama 3 stenti inaziba na kila kitu kinaanza upya. Sikuhizi, kabla ya kumruhusu, nachukua daftari lake la matibabu na kuandika kwenye jalada la mbele, kwa kalamu nyekundu na herufi kubwa: ANA STENTI, na chini yake tarehe ya kuitoa. Kisha namwomba aliyemleta anisomee kwa sauti.